Seymour Papert: alifaulu au alishindwa? Naomba mawazo kabla sijaandika pendekezo la uzamivu

PembeTatu:

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nina uzamili wa hesabu tupu, ile ya kuthibitisha nadharia ubaoni mpaka chaki iishe, na kwa miaka minne nimekuwa nikifundisha wanachuo wanaosomea ualimu. Sasa nataka kuingia uzamivu wa teknolojia ya elimu. Profesa niliyemwomba anisimamie amenijibu kwa mstari mmoja: nikasome kwanza maisha ya Seymour Papert, nikimaliza nimwambie kama bado nataka.

Nimesoma wiki tatu na nilichopata ni vipande visivyoungana. Mzaliwa wa Pretoria, 1928. Uzamivu wa hesabu mara mbili, Witwatersrand kisha Cambridge. Ghafla yuko Geneva na Jean Piaget anachunguza watoto wanavyofikiri. Ghafla tena yuko chuo cha MIT, Marekani, kwenye akili bandia, mara anachorachora na kobe, mara yuko Senegal, mara gereza la vijana katika jimbo la Maine. Waandishi wengine wanamsifu kama nabii, wengine wanasema Logo, lugha yake ya watoto kuandikia programu za kompyuta, ilikufa na kompyuta mpakato za watoto hazikupandisha alama hata moja.

Maswali yangu ni mawili. Alifaulu au alishindwa? Na mtu wa hesabu tupu aliwezaje kuhamia kwa watoto bila kuonekana amepotea njia? Nauliza kwa sababu wenzangu wa idara wameshaanza kunitania kwamba naacha nadharia naenda kufundisha watu kubofya.

KobeMzee:

Mwalimu, karibu. Utani huo nami nimetaniwa, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, kwa hiyo nianze na hapo.

Papert hakuhama. Ukitaka vipande vyako viungane, anza na gia. Katika dibaji ya kitabu chake cha 1980, Mindstorms, anasimulia kwamba kabla hajatimiza miaka miwili alikuwa ameshalewa magari. Msamiati wake wa utotoni ulijaa vipuri, na alijivunia hasa kujua giaboksi na difu (zile gia zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili ya gari). Baadaye alipoanza kuchezea gia kwa mikono, alizitumia kichwani kufanyia hesabu za kuzidisha. Na siku alipokutana kwa mara ya kwanza na mlinganyo wenye herufi mbili ambazo hazijulikani thamani yake, hakuona herufi, aliona difu: gia moja ikienda kasi, nyingine ipunguze, jumla ibaki ileile. Wenzake darasani waliona x na y, yeye aliona kitu alichokuwa anakipenda tangu hajui kusoma.

Sasa soma polepole kinachofuata katika dibaji hiyohiyo, maana ndicho watu wanachokiruka. Anasema ingekuwa kosa kutoka na hadithi hii ukiwa na mpango wa kutengeneza seti za gia na kumgawia kila mtoto. Yeye hakupewa gia tu, alizipenda. Upendo huo hauwekwi kwenye boksi ukasafirishwa. Hoja yake kuhusu kompyuta inatokea hapo: gia ina umbo moja, kompyuta inaweza kuvaa maumbo elfu, kwa hiyo huenda kila mtoto akapata ndani yake kile ambacho yeye alikipata kwenye difu.

Nimelisoma jambo hilo nikiwa kijana na nimelisoma tena nikiwa mstaafu, na kwa macho yangu kazi yake yote iko hapo, pamoja na mtego ulionasa kazi hiyo baadaye. Alionya mapema dhidi ya kugawa gia. Kisha dunia ikachukua jina lake ikagawa gia.

Haya, tembea naye kidogo. Afrika Kusini alikuwa mpinzani wa ubaguzi wa rangi, na hilo usiliweke pembeni kama habari ya ziada. Mtu aliyekulia mahali ambapo dola inaamua nani afundishwe nini hawezi kuiangalia ratiba ya shule kama kitu kisicho na mwenyewe. Uzamivu wa kwanza aliupata 1952, wa pili 1959. Geneva alikaa kuanzia 1958 hadi 1963, na kwa Piaget akajifunza kwamba mtoto si chombo kitupu. Mtoto anajenga maarifa, na makosa yake yana mantiki yake. Alichoongeza Papert ni kimoja: ujenzi huo unakwenda vizuri zaidi mtoto anapounda kitu nje ya kichwa chake, kitu ambacho wengine wanaweza kukiona, kukisifu, kukikosoa. Mashairi, jumba la mchanga, programu. Umeona hapo hesabu imeachwa wapi?

MIT aliingia 1963, akafanya kazi na Marvin Minsky, mmoja wa waasisi wa akili bandia. Kitabu chao cha 1969 kuhusu perseptroni (aina ya awali ya mitandao ya neva, mifumo ya kompyuta inayoiga ubongo) kililaumiwa baadaye kwa kupoza utafiti wa mitandao hiyo, kwa hiyo hakuwa mtu wa pembezoni aliyekimbilia watoto baada ya kukosa kazi. Kabla ya hapo, 1967, yeye na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walikuwa wameshatoa Logo, kwenye kampuni ya Bolt Beranek and Newman iliyokuwa Cambridge, Massachusetts. Fikiria mwaka huo. Kompyuta ilikuwa mali ya taasisi kubwa, na watu hawa wanataka kumkabidhi mtoto wa darasa la tano.

Kuna kisa chake kimoja nakipenda kuliko vyote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akifanya kazi katika shule moja ya Lexington, Massachusetts. Kila siku akienda darasa la hesabu anapita mbele ya chumba cha sanaa, na humo watoto wanachonga sabuni. Si kazi ya kipindi kimoja, ni ya wiki kadhaa. Kulikuwa na muda wa kuwaza, wa kuangalia dirishani, wa kujaribu na kuacha, wa kuchungulia ya mwenzako. Kisha anaingia darasa la hesabu: mwalimu anatoa swali, mtoto anajibu au hajibu, swali linalofuata. Akajiuliza kwa nini hesabu isifanane na kuchonga sabuni. Mtu mwingine angeuliza "tutumie vipi kompyuta darasani." Yeye aliuliza hilo la sabuni, na kompyuta ikaja baadaye kama jibu.

Ndipo akaja kobe. Wazo la roboti kobe lilikuwapo tangu Grey Walter wa Bristol, miaka ya 1940 mwishoni. Kobe wa Logo alianza kama roboti wa sakafuni mwenye kalamu tumboni, kisha akahamia kwenye skrini. Unampa amri, naye anakwenda. Nitaziandika kwa Kiswahili:

RUDIA 4 [MBELE 100 KULIA 90]

Huo ni mraba. Na huu ni duara, au kwa jicho lako ni duara:

RUDIA 360 [MBELE 1 KULIA 1]

Wewe ni mtu wa nadharia, angalia huo wa pili vizuri. Hakuna kitovu, hakuna nusu kipenyo, hakuna mlinganyo wa x mraba. Kobe hajui yuko wapi duniani, anajua tu hatua yake na kiasi alichogeuka. Hiyo ni jiometri tofauti, imeingia mlango wa nyuma kwenye mambo ambayo chuoni tunayafundisha mwaka wa pili. Na mtoto akikwama unamwambia ainuke, awe kobe. Anatembea, anahesabu, anarudi. Duara analijua kwa miguu.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana nimeahidi kujibu kama alifaulu.

Nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule ambayo sitaitaja. Kompyuta kumi na moja, wanafunzi arobaini na wawili. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ngoma. Kijana mmoja alitaka kuchora pembetatu, akampa kobe KULIA 60, kwa sababu kila mtu anajua pembetatu sawa ina nyuzi 60. Akapata nusu ya umbo la pembe sita, limeachwa wazi kama mdomo. Alikasirika. Mwenzake wa kike akamwambia, "Wewe unageuka nje, si ndani." Walitembea pembetatu sakafuni, mara tatu, wakapata 120. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikusema neno. Sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile.

Kisha nikaulizwa mpango wa somo. Wiki ya kwanza mraba, wiki ya pili pembetatu, wiki ya tatu duara. Nikaandika. Kisha nikaulizwa mtihani. Nikatunga. Swali la kwanza: "Amri ya kumgeuza kobe kulia ni ipi? (a), (b), (c), (d)." Nimelitunga mimi, kwa mkono wangu, na lilichapwa. Yule kijana wa pembetatu alipata alama 9 kati ya 20, kwa sababu aliandika tahajia ya amri vibaya.

Kwa hiyo ukisikia Logo ilikufa, jua imekufa mikononi mwa watu kama mimi. Hakuna aliyeipiga marufuku. Tuliimeza, tukaifanya sura ya saba.

Chaki na Dasta:

Mzee shikamoo. Umeandika vizuri mpaka nimeogopa kukupinga, lakini nitapinga, maana PembeTatu anataka kwenda kufanya utafiti, si kuandika wasifu.

Kila nikisoma wafuasi wa Papert nakutana na utetezi mmoja: kikifaulu ni wazo lake, kikishindwa ni sisi tulioharibu. Roy Pea na Midian Kurland, watafiti wa chuo cha elimu cha Bank Street, New York, walipima jambo hili miaka ya 1980. Watoto walioandika programu kwa Logo kwa muda mrefu hawakuwashinda wengine katika kupanga kazi, na kupanga ndiko tulikoahidiwa kwamba kungeboreka. Peru waligawa kompyuta mpakato za mradi wa OLPC (One Laptop per Child, kompyuta moja kwa kila mtoto), utafiti uliotoka 2012 haukuona ongezeko la alama za hesabu wala lugha. Mtoto alipewa mashine, akajifunza kutumia mashine.

Na tusimsahau wa upande wa pili. Patrick Suppes wa Stanford alianza 1963, mapema kuliko Logo. Mwaka 1966 aliandika kwamba mamilioni ya watoto watapata kile alichopata mwana wa Filipo wa Makedonia, yaani mwalimu wake binafsi kama Aristotle, ila huyu wa kwao angekuwa kompyuta. Programu zake zilimpa mtoto zoezi, zikamsahihisha papo hapo, zikamwongezea ugumu kulingana na uwezo. Hakuna mashairi wala sabuni, lakini zilipimika. Angalia leo programu za kujifunzia zilizo kwenye simu za watu: za Suppes ni nyingi kuliko za Papert, mara nyingi sana. Na sasa akili bandia inayozungumza na mwanafunzi mmojammoja, ile ni ndoto ya Suppes neno kwa neno. Kama swali ni nani alifaulu, hesabu vichwa.

KobeMzee:

Marahaba. Umenipiga palipo na kidonda, na sehemu ya hoja yako naikubali: sisi tuliompenda tulichelewa sana kujifunza kupima. Tulikuwa tunasimulia vijana wa pembetatu (kama nilivyofanya hapo juu) na kudhani tumethibitisha.

Lakini Papert alishawajibu Pea na Kurland, 1987. Alisema kuuliza Logo ina athari gani kwa mtoto ni kama kuuliza je, mbao huleta nyumba nzuri. Mbao peke yake? Kwa fundi gani? Kwa mchoro upi? Alilalamika kwamba Logo inapimwa kama dawa: kundi moja limeze, jingine lisimeze, kila kitu kingine kibaki vilevile. Wakati kusudi lote lilikuwa kila kitu kingine kibadilike.

Unaweza kuona hiyo ni chenga. Hata mimi siku nyingine naona ni chenga. Ila sasa chukua kipimo hichohicho cha mbao, ukakiweke kwenye kompyuta za Peru, uone kinamkata nani. Nicholas Negroponte, mwenzake wa MIT, alitangaza mradi ule 2005, kompyuta ya dola 100 kwa kila mtoto, na Papert alikuwa mmoja wa watu waliosimama nyuma ya wazo. Hizo ni seti za gia! Zile alizosema 1980 tusizigawe. Nampenda mzee yule lakini hapo nadhani alijisahau, au alichoka kusubiri shule zibadilike akaona bora kumfikia mtoto moja kwa moja. Mwaka 1982 alishawahi kuonja: kituo cha kompyuta cha Paris, yeye na Negroponte huyohuyo, kompyuta za Apple II zikapelekwa Dakar. Siasa za kituo zikawashinda, wakaondoka muda si mrefu.

Linganisha na mahali ambapo alikaa mwenyewe. Shule ya Hennigan, Boston, kuanzia 1985. Huko Idit Harel, mwanafunzi wake wa uzamivu, aliwapa watoto wa darasa la nne kazi ya kutengeneza programu ya kuwafundisha watoto wengine hesabu za sehemu (nusu, robo na kadhalika). Si kusoma sehemu, bali kubuni somo la sehemu, miezi kadhaa, mtoto mmoja na programu yake, karibu kila siku. Watoto kumi na saba tu. Harel alipima, kwa mitihani ya kawaida unayoipenda wewe, na watoto wake wakafanya vizuri kuliko makundi mengine, kwenye sehemu na kwenye Logo. Ndiyo, kumi na saba si taifa. Lakini tofauti ya Hennigan na Peru haiko kwenye mashine.

Kuhusu Suppes sina ugomvi. Alikuwa mtu makini sana na vichwa ni vyake, nakupa. Papert alikuwa na msemo wa kuwatenganisha: kuna kompyuta inayomprogramu mtoto na kuna mtoto anayeiprogramu kompyuta. Upande wa kwanza utapata wateja siku zote, kwa sababu haumlazimishi mwalimu mkuu kubadilisha hata kengele ya kipindi.

MamaSehemu:

Samahani kuingilia wazee, naona Cynthia Solomon ametajwa mara moja kisha akasahaulika. Kawaida yake!

PembeTatu, wewe unayeogopa kuonekana umepotea njia, njia yake ndiyo ungepaswa kuisoma kabla ya ya Papert. Aliingia MIT kama katibu wa Minsky, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pale ofisini akajifundisha Lisp, lugha ya kuandikia programu ambayo Logo imetokana nayo. Miaka michache baadaye yuko miongoni mwa waliobuni Logo, kisha yuko darasani na watoto wakiitumia, kazi ambayo wanaume wa maabara hawakuwa wakiipigania. Mwaka 1971 yeye na Papert waliandika waraka wa mambo ishirini ya kufanya na kompyuta: kuchora kwa kobe, kutunga muziki, kuchezesha vikaragosi, na kadhalika. La ishirini linakuambia ubuni mengine ishirini. (Aliyewahi kuandika programu inayojiita yenyewe ameshacheka.) Ilikuwa 1971, wakati shule nyingi hazikuwa na kompyuta hata ya mhasibu.

Uzamivu aliupata Harvard 1985, baada ya kuwa amefanya kazi hiyo karibu miaka ishirini. Na kitabu chake kilichotoka mwaka uliofuata kinafanya hasa unachohitaji wewe: kinaweka Suppes, Robert Davis, Tom Dwyer na Papert meza moja, kila mmoja na imani yake kuhusu jinsi mtoto anavyojifunza, bila kumtukana yeyote. Chaki na Dasta utakifurahia, Suppes hajaonewa.

Na hilo la Logo kufa, mnaniudhi wote wawili. Mimi nafundisha watoto Scratch, lugha nyingine ya watoto kuandikia programu. Ilitoka MIT 2007, kwenye kundi la Mitchel Resnick, mwanafunzi wa Papert. Amri ni vipande vya rangi vinavyopachikana, mtoto hakosei tahajia, kwa hiyo yule kijana wako wa alama 9 angepona. Ndani yake ukitafuta utamkuta kobe: nenda hatua 10, geuka nyuzi 15, rudia. Amebadilishwa akawa paka, hiyo tu. Seti za roboti za LEGO za 1998 nazo zilichukua jina la kitabu cha Papert. Kitu kikibadilisha ngozi hakijafa.

Kwa upande wangu, shida ninayoiona ni nyingine. Watoto wangu wanapenda sana, wanatengeneza michezo, wanaremba paka. Lakini wachache sana wanafika kwenye ile jiometri ya miguu anayoisema KobeMzee. Zana imekuwa laini hadi mtu anaweza kuteleza juu yake mwaka mzima bila kugusa hesabu. Sijui wenzangu mnafanyaje.

KobeMzee:

MamaSehemu, nimekosa, nimekubali. Na hilo la mwisho ndilo ningelifanyia uzamivu kama ningekuwa na magoti ya kijana.

Nimalizie vipande viwili vya PembeTatu. Gereza la vijana: kuanzia 1999, Maine, kwa miaka mitatu hivi, Papert na wenzake waliendesha maabara ya kujifunza ndani ya kituo cha vijana waliofungwa. Alikuwa ameshavuka miaka sabini. Angeweza kukaa nyumbani kupokea tuzo. Mle ndani hapakuwa na kengele za vipindi, na vijana ambao shule zilishawatupa walikuwa wakiunda roboti na vitu vyao kwa siku nzima. Halafu kompyuta za jimbo la Maine, 2002: gavana Angus King alikuwa amemuuliza ingekuwaje kompyuta moja ikitumiwa na wanafunzi kadhaa, na Papert akashikilia kwamba hakuna kitakachobadilika mpaka iwe moja kwa mmoja. Wakaanza na darasa la saba, jimbo zima, wanafunzi na walimu wao pia. Walimu pia! Hapo angalau gia hazikugawiwa kwa watoto peke yao.

Desemba 2006 alikuwa Hanoi kwenye mkutano wa ufundishaji wa hesabu. Alikuwa akizungumza na mwenzake, Uri Wilensky, namna ya kuandika kwa hesabu mtiririko wa pikipiki za jiji lile, jinsi maelfu wanavyopishana bila kiongozi. Akivuka barabara, pikipiki ikamgonga. Ubongo uliumia vibaya. Aliishi karibu miaka kumi zaidi, akajifunza upya mambo mengi kwa shida, akafa Maine Julai 2016. Siwezi kuisoma habari hiyo nikaendelea na kazi nyingine siku hiyo.

Hiyo ya kufaulu au kushindwa usimpelekee profesa wako. Atakuuliza difu yako ni ipi, na hapo ndipo utahitaji jibu.

PembeTatu:

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nimekaa na maneno yenu siku nne.

Nilitaka kuandika jibu la busara, badala yake nimefungua Logo ya bure na nimekesha. Nilianza na nyota ya pembe tano. Niliweka KULIA 72, kwa sababu 360 gawanya kwa 5. Nikapata pembetano, nikajicheka, maana nimenaswa na pembe kama kijana wako. Nikainuka sebuleni nikaitembea. Mwenzangu aliamka akaniuliza kulikoni. Nilipofika nilipoanzia nilikuwa nimezunguka mara mbili, si moja. Kwa hiyo 720 gawanya kwa 5:

RUDIA 5 [MBELE 100 KULIA 144]

Ya pembe saba ikanipa mbili tofauti, moja nene ya mizunguko 2 na moja nyembamba ya mizunguko 3. Nimefundisha nadharia ya namba miaka minne na sijawahi kuiona imesimama mbele yangu namna hii.

Nikaenda ya pembe sita. Mizunguko 2, nyuzi 120: kobe anachora pembetatu, kisha anapita tena juu yake. Mizunguko 3, nyuzi 180: anakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja kama mtu aliyesahau funguo. Ya pembe sita inagoma. Sababu naijua, naweza kuiandika ubaoni kwa mistari miwili, sita na mbili zina kigawo cha pamoja, sita na tatu vilevile. Lakini nataka kujua mtoto wa miaka kumi na moja angeifikia vipi bila mimi kumwambia, na kwenye Scratch ya MamaSehemu ningeweka nini njiani ili ajikwae hapo.

KobeMzee:

Marahaba mwalimu. Muulize MamaSehemu kama atakuazima darasa lake. Na nyota ya pembe nane umeshaijaribu?

MamaSehemu:

Jumatano saa nne, watoto ishirini na sita. Uje na viatu vya kutembelea.